Mkate wa Wageni wa Skotlandi

Jumatatu, Al Nahda

Nimechoka kuomba radhi. Leo wageni waliopanga nyumba ya madam, bosi wangu, kule Skotlandi wamelalamika kwangu: nyumba ina baridi, mkate na maziwa ya kuwapokea hakuna. Nikampigia Bi Moira, mzee anayetusafishia huko, nimgombeze.

Akapokea mwanawe. Mama yake alifariki jana, Jumapili.

Madam akasema, "Maskini. Khalas, basi, tafuta mwingine kabla ya Ijumaa." Hata kikombe hakukiweka chini.

Bi Moira sijawahi kumwona. Nilikuwa namtumia ujumbe tu kila nikianza kazi: umeamkaje, umekula?

"Kumbe ndiwe uliyekuwa ukimwandikia," mwanawe aliniambia kwenye simu. "Mama alikuwa akisubiri umuulize ndipo anywe chai."

Jumapili ni siku yangu ya mapumziko. Sikumuuliza.