Kura ya Kufukia Maduara

Baba yangu,

Shikamoo, ingawa najua hutaitikia. Nakuandikia kwa sababu kijiji kimepiga kura juu ya ile sheria ndogo uliyoipigania, na hapa Rwamgasa hakuna ambaye ningependa aisikie habari hii kabla yako.

Katika mkutano ule wa kwanza ulisimama umeshika kofia, ukaomba kila anayehama duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, alifukie au aliwekee uzio. Wachimbaji wakacheka. "Mzee, dhahabu haifukiwi," mmoja akakujibu. Mikono iliyokuunga ilikuwa michache. Tulirudi nyumbani, ukala ugali wako, ukalala.

Mvua zilizofuata, Doto, mmoja wa mapacha wa jirani yetu Mama Kulwa, alitumbukia katika duara lililoachwa likajaa maji. Wewe ndiye uliyeshuka kwa kamba kumtoa. Alikuwa ameshakufa. Ulimkabidhi kwa mama yake, na tangu hapo hukuitaja tena sheria hiyo, mpaka ugonjwa ulipokuchukua.

Safari hii nilipita mimi nyumba kwa nyumba kuiombea kura. Wengine walinikaribisha, wengine waliniambia nikaolewe kwanza. Kwa Mama Kulwa nilisita kubisha hodi, maana mumewe ana maduara mawili. Nilimkuta akipepeta mchele.

"Hiyo sheria inafunga kazi?" akauliza.

"Hapana, mama. Duara linalochimbwa linaendelea. Lililoachwa ndilo linafukiwa."

"Mume wangu anasema ni njama ya kutuondoa."

"Na wewe unasemaje?"

Akaendelea kupepeta.

Mkutanoni, Baba Kulwa alizungumza vizuri kuliko mimi. Alisema kufukia kunataka vibarua, na mchimbaji mdogo atawalipa nini? Watu wakaitikia. Hata mimi niliona ana hoja. Ndipo mkewe akasimama kule walikokaa kina mama.

"Zamani mlikuwa mnaniita Mama Kulwa na Doto," alisema. "Siku hizi mnakatisha."

Akanyoosha mkono kabla mwenyekiti hajauliza.

Wakamfuata kina mama, kisha wafugaji, kisha hata wachimbaji wenye tope viwikoni. Sheria ikapita. Sasa imepelekwa halmashauri ikathibitishwe.

Baba Kulwa hakunyoosha mkono. Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye duara lile lililomchukua mwanawe, ambalo wala si lake, akirudishia udongo kwa koleo. Nikaenda kuchukua jembe. Baadaye wakaja wengine wawili watatu.

Nilidhani siku ya ushindi ningeshangilia. Nilichoka tu, baba, na nikatamani mtu wa kukaa naye barazani bila kuulizwa kitu.

Lala salama. Shimo bado halijajaa, na kesho tunarudi.

Ni mimi, binti yako mkubwa