Jina Langu kwa Barua ya Chifu

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yako.

Unakumbuka kabla ya kura ya katiba, ulivyozunguka kwetu Kola kote na kile kitabu chake, kanisa hadi kanisa, ukiwasomea watu kwa Kikamba? Siku moja nilikuja nikakaa nyuma na akina mama. Mzee fulani akauliza itatusaidia nini sisi watu wa jembe. Ukamwambia, "Imeandikwa ili mwenye nguvu asimnyang'anye asiye na nguvu. Hata ndani ya nyumba." Wee, nilijivunia baba yangu.

Mwezi haukuisha, ukawachukua ndugu zangu Kioko na Mutua ukawaonyesha mipaka. Ile mitaro ya shamba tuliichimba sote, mimi na sururu yangu. Nilipouliza yangu iko wapi ulicheka, ukasema mimi si nitaolewa tu. Sikuolewa, baba. Niko hapa na wanangu wawili, na ni mimi niliyekuuguza.

Sasa tumekuzika, na Kioko amepeleka majina kwa chifu, kwa ile barua ya warithi ya kwenda nayo kortini. Ni Mama, yeye mwenyewe na Mutua, basi. Jumatatu akaniletea fomu niweke sahihi kwamba sitaki kitu. Nilikataa. Akasema nikienda kwa chifu nisimwite ndugu tena.

Leo asubuhi nilienda. Nikamkuta ameshafika, Mama kando yake kwenye benchi, nikajua nimekwisha. Kioko aliongea sana, mila, aibu, watoto wasio na baba. Zamu yangu ilipofika nilirudia maneno yako ya kanisani huku nalia. Nikakulaumu pia, mbele ya watu, kwamba uliyafundisha kote ukayaacha nje ya mlango wetu. Nisamehe, lakini sirudishi neno.

Chifu akamuuliza Mama. Kioko akaanza kumjibia, Mama akamkatiza.

"Andika huyu msichana wangu," akasema. "Na kama hiyo sheria ni ya kweli, niambie ofisi ya chifu wa kwetu Masii inafunguliwa siku gani. Hata mimi niko na baba aliacha shamba."

Chifu akaandika jina langu.

Miaka hiyo yote, baba, kuna siku ulimuuliza habari ya shamba la kwao? Mimi sikumuuliza. Kesho nampeleka Masii.

Pumzika, ukiweza.

Binti yako wa kwanza, ambaye bado anakupenda.