Washenga wa Malolo Wasirudishwe Tena

Mombasa,
Ijumaa, baada ya sala ya mchana

Kwa dada yangu Somoe, hapo Mbekenyera,

Salamu zangu zianzie kwako kabla ya mtu mwingine yeyote hapo uani, kisha ziende kwa shemeji Rashidi, kwa binti yetu Zaituni, na kwa mdogo wetu Bakari, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii. Bakari, kaa vizuri, na usisome kama mtu anayekimbizwa. Je, dada, goti lako linaendeleaje? Mvua zilitosha? Ufuta umekaaje shambani, au nguruwe wameanza kuchukua fungu lao kama mwaka ule? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka naenda kazini. Kikohozi nilichokutajia kimekwisha, kwa hiyo usinitumie tena ile mizizi. Ilifika imeota kuvu, na harufu yake ilinigombanisha na watu wa nyumba nzima.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni pa posta, nikairudia njiani. Umesema washenga wa kijana Hasani wa Malolo wamekuja mara mbili kumposa Zaituni, na mara zote mbili mmewarudisha kwa sababu mimi, mjomba wake mkubwa, sipo, na Bakari hakubali kukaa kwenye mkeka wa mjomba wa kupokea posa, akisema ni wangu mimi kaka yake. Watarudi baada ya mavuno ya ufuta. Baba yake Hasani ameapa kwamba wakirudishwa tena watapeleka posa nyumba nyingine. Na umesema Zaituni anamtaka. Hilo la mwisho Bakari ameliandika chini kabisa kwa herufi ndogo, kana kwamba linatia aibu. Halitii aibu. Mimi ndilo nililolishika kuliko yote.

Siku ile ile nilikwenda kwa msimamizi wetu kuomba ruhusa, na akanipa. Nakuambia hili mapema ili usije ukafikiri sikujaribu. Aliniambia, "Nenda kaoze mtoto wako, urudi." Nikanunua doti mbili za kanga za Zaituni na kitambaa cha shuka chako, nikafunga sanduku kwa kamba, nikaulizia meli ya Lindi. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilinunua hata sabuni ya kuogea njiani, kama bwana harusi ni mimi.

Sasa nikueleze kilichotokea, lakini kwanza uijue kazi yenyewe, maana umeniandikia kwamba huko watu wanasema napuliza chupa kwa mdomo. Sipulizi. Mashavu yangu ni yale yale. Kinachopuliza ni mashine. Mchanga na magadi na vigae vya chupa kuukuu vinatiwa katika tanuri kubwa, vinayeyuka mpaka vinakuwa uji mzito unaowaka. Mashine inakata tonge, inalidondosha kwenye kalibu, yaani chuma chenye umbo la chupa ndani yake, inalipuliza hewa, chupa inatoka ikiwa nyekundu. Haifai kuuzwa ikiwa imepoa hovyo. Ikipoa haraka inabaki na ugonjwa ndani yake. Utaiona nzima, utaishika, na kesho itapasuka yenyewe hakuna aliyeigusa. Kwa hiyo chupa zote zinapanda juu ya mkanda wa chuma, zinapita polepole katika tanuri la pili, refu na la chini, joto likipungua kidogo kidogo, mpaka zikitokea upande wa pili mtu anazishika kwa mkono mtupu.

Tanuri hilo la kupozea ndilo ninaloliangalia. Ukutani kuna saa za joto, kila moja na mshale wake, nami naandika kila mshale ulipo, nikiona umepanda au umeshuka naongeza moto au napunguza. Mambo ya mishale nilianza kuyajua Nachingwea, kwenye karakana ya mashamba ya karanga, nilipokuwa nikitazama joto la matrekta. Hapa pana pia sanduku moja lenye taa na vioo viwili vya namna yake. Unaweka chupa katikati, unatazama. Iliyopoa vizuri inaonekana hivi hivi tu. Iliyopozwa vibaya inatoa rangi ya njano na zambarau pale penye ugonjwa. Ukiitoa nje ya sanduku huoni kitu. Siku ya kwanza nilidhani nafanyiwa kiinimacho.

Na tanuri hili, dada, halizimwi. Si Ijumaa, si Jumapili, si Idi. Likizimwa, kioo kinaganda ndani ya lile kubwa na kuta zake zinapasuka. Lazima wakati wote awepo mtu wa kutazama.

Tulikuwa wawili tunaopokezana, mimi na Mkamba mmoja anaitwa Mutua, mtu wa makamo, mcheshi, aliyenifundisha kazi hii yote. Kabla yangu alifanya kazi miaka mingi mbele ya tanuri kubwa, akichungulia motoni bila miwani ya buluu ya kukinga macho kwa sababu ilimtoa jasho. Siku za karibuni, tukibadilishana zamu, alikuwa akiniambia, "Issa, hebu nisomee ule mshale wa mwisho, mimi nimechoka." Namsomea, anacheka, anaandika. Nikadhani uvivu tu wa mtu mzima.

Nilikuwa nimebakiza siku chache niondoke. Asubuhi moja tunaingia kiwandani, tunasikia ghalani vitu vinalia: pah! Kimya. Pah! pah! Chupa zilizopangwa tangu jana zinapasuka zenyewe, moja hapa, moja kule, hakuna paka wala panya. Wapakizi wakatoka mbio. Mmoja akasema ghala lina majini, mwingine akaanza kusoma dua aliyoikumbuka. Msimamizi akachukua chupa ambazo zilikuwa bado nzima, akaziweka kwenye sanduku la taa. Zilijaa rangi. Zote zilitoka zamu ya Mutua.

Msimamizi alimpeleka Mutua mbele ya zile saa za joto, akamwambia, "Soma." Mutua akasimama pale. Akasogea. Akasogea tena mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha saa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Bwana, nikisoma nitakuwa nadanganya." Mimi nilikuwa nyuma yake, dada, na nilitamani kumsomea kama siku zote. Macho yake yameingia ukungu. Jioni ile ile alipewa haki yake, akapanda gari la moshi kwenda kwao, mtoto wa nduguye akimshika mkono. Alinitafuta kwa mikono kuniaga, akashika bega la mtu mwingine kwanza. Tulicheka wote watatu, lakini mimi nililia nilipofika chumbani.

Kesho yake msimamizi akaniita. Sikuhitaji kuambiwa. "Mutua hayupo," akasema. "Wewe ukienda nani ataangalia?" Nikamwambia habari ya posa, kwamba kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba, na kwamba bila mjomba hapokelewi mtu. Alinisikiliza, si mtu mbaya. Akasema, "Zamu ya Mutua nitaishika mimi mpaka nipate mwingine na umfundishe. Ukitaka kwenda sasa, nenda, lakini usirudi."

Basi, dada, sitakudanganya kwamba nimefungwa kwa kamba. Ningeweza kwenda. Nimelala nikiwaza hilo, nimeamka nalo. Lakini nakumbuka nilivyorudi kutoka Nachingwea mashamba ya karanga yalipofungwa. Nilikaa hapo uani msimu mzima, shemeji akinilisha bila neno, na watu wakipita wananiuliza, "Issa, trekta lako umelificha wapi?" Wewe ulikuwa ukicheka nao ili nisione wanavyonidharau. Sina uwezo wa kukaa tena vile. Na kuna jambo jingine, nalo naona haya kulisema: kazi hii naipenda. Nikiona mishale yote imetulia na chupa zinatoka safi, moyo wangu unatulia.

Lakini nje ya zile saa za joto sina kitu, dada. Nina upweke. Kiwandani mashine zinapiga kelele mpaka watu tunasemeshana kwa mikono. Chumbani Majengo nalala kitanda kimoja na Mtaita wa kiwanda kingine, yeye akitoka mimi naingia, na sijawahi kukaa naye. Namjua kwa harufu ya tumbaku kwenye mto. Watu wa mji huu nikifungua mdomo wanacheka Kiswahili changu, wananiuliza nimetoka bara gani. Kimwera chetu sijakisikia tangu nilipoagana na Bakari bandarini. Juzi nilijikuta nakisema peke yangu, naligombeza tanuri, na mpakizi mmoja akadhani nimemtukana. Tangu aondoke Mutua naweza kukaa siku nzima nisitamke neno ila salamu.

Tena nimejaribu kuukumbuka uso wa Zaituni nimeshindwa. Ninayemwona ni yule mtoto mwenye funza kidoleni, ananing'ang'ania shingoni nimtolee mimi, si mama yake. Huyo ndiye anayeposwa? Ningekutana naye sokoni ningempita. Hilo ndilo lililonifanya nikate shauri.

Kanga na kitambaa atakuja navyo mtu wa Ruangwa anayefanya kazi bandarini, anasafiri na meli ijayo. Kanga zote mbili ni za Zaituni, usimnyang'anye hata kwa kumwazima. Kitambaa ni chako. Msalimie sana shemeji Rashidi, umwambie sijasahau alivyonilisha. Msalimie shangazi mkubwa, na umpigie kelele sikioni ili asikie. Msalimie mama mkwe wako aliyenipa ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ya kula njiani, mwambie hapa hawaijui, nilipowaeleza walidhani ni mizizi ya dawa. Wasalimie majirani wote, na wale wa trekta pia.

Zaituni mwanangu, mama yako akikuita usikie mstari huu, njoo karibu. Ukimtaka Hasani, mimi nimemtaka. Muishi hapo hapo kwa mama yako kama desturi, alime na shemeji Rashidi, na asikuletee fujo.

Sasa, Bakari, hapa nasema na wewe. Washenga wakija, usikae nao usiku mmoja ukaona yametosha. Nenda Malolo mwenyewe kabla hawajaja, uone shamba la huyo kijana na uone anavyosema na mama yake akiwa hajui kwamba anatazamwa. Siku ya posa kila mtu ni mzuri. Mimi ningefanya hivyo kama ningekuwepo. Ukiridhika, pokea.

Najua utakalonijibu. Utasema utakaa tu kwa niaba yangu, halafu nikija unipishe. Haiwi hivyo, na wewe unajua kuliko mimi. Anayekaa mkekani siku ya posa ndiye atakayeitwa wakigombana. Ndiye atakayepelekewa watoto wao, na ndiye watakayemwogopa. Hawezi kuitwa mtu wa Mombasa kila mtoto akiugua. Zaituni anahitaji mjomba wa kumfikia kwa miguu.

Kwa hiyo maneno yanayofuata usiyaruke. Nakujua, utataka kuyaruka, utajifanya wino umefifia. Dada, akinyamaza hapa mwambie aendelee, na kama huamini kwamba yameandikwa, mpe mwalimu wa chuo cha Kurani ayarudie. Soma kwa sauti, Bakari, washenga wa Malolo wasirudishwe tena: mimi Issa, nikiwa mzima na akili zangu, mkeka wa mjomba nimekupa wewe, leo na siku zote. Siku nitakayokuja, nitandikieni upande wa wageni.

Ndimi ndugu yenu niwapendaye,
Issa