Zamu Yangu kwa Mwinjilisti

Jumatatu, 10 Machi

Nimenoa misumeno mitatu kabla ya chai. Mmoja uligonga msumari. Mwenye kiwanda cha mbao anasema haiwezekani, msonobari hauna msumari. Sawa. Basi mti ulijipigilia wenyewe.

Jioni semina kanisani. Mwalimu ametoka Mbeya mjini, viatu vimechongoka mbele, sauti yake inafika Iringa bila maiki lakini maiki haiachi. Somo: karama za Roho na kuishi leo. Eti Wakristo wengi wanaishi jana au kesho, leo yenyewe wameiacha tupu. Karama ndiyo inamrudisha mtu. "Mwambie jirani yako: sasa!" Jirani yangu alikuwa mke wangu. Nikamwambia, sasa. Akaniambia, vaa sweta.

Tukagawiwa fomu ya maswali sitini. "Je, watu hukufuata na shida zao?" Ndiyo, meno ya msumeno yakiisha. Nikaweka tiki.

Jumanne, 11 Machi

Majibu yamesomwa. Mafinga yote manabii. Mama wa duka la mbegu: unabii. Mzee Kihwele, mzee wa kanisa, ambaye hajui kama mvua inanyesha mpaka alowe: unabii. Mke wangu: kupambanua roho. Miaka thelathini ananipambanua bila cheti, sasa anacho.

Mimi: masaidiano, yaani kusaidia wenzangu. Mwalimu akasema hiyo ni karama kubwa sana. Alisema kwa sauti ya mtu anayemgawia mgeni shingo ya kuku.

Kisha kazi. Wenye masaidiano tuko wawili usharika mzima, na mwenzangu anaumwa mgongo. Nimepangiwa Mwinjilisti Mgaya. Amezeeka, kichwa kimeanza kumwacha. Jumatatu ijayo yeye na mkewe wanahamia kwa binti yao, Mbalizi. Nikae naye kila mchana mpaka Ijumaa, mkewe amalize kuvuna maharage.

Mgaya! Watu wote wa Mufindi, nipewe Mgaya.

Naandika tena, ingawa daftari hili limeshachoka kusikia. Miaka kumi na tisa iliyopita alinikuta mianzini kwa shemeji yangu, nina kikombe mkononi. Jumapili akanisoma mbele ya watu. Ulevi wa ulanzi. Miezi sita bila Meza ya Bwana. Na ulikuwa mtogwa! Maji ya mwanzi yaliyogemwa alfajiri, hata mtoto anakunywa anakwenda shule. Ukiyaacha mpaka mchana ndipo yanakuwa ulanzi, pombe. Mhehe gani hajui hilo? Mbena gani? Hakuuliza umegemwa saa ngapi. Hakuuliza chochote. Tangu siku ile sijaonja tena, mtogwa wala ulanzi. Na radhi sijaombwa.

Zamu nimeikubali. Roho hahusiki. Kabla hajapanda basi, mzee yule ataniomba radhi.

Jumatano, 12 Machi

Nilimkuta barazani, blanketi mabegani.

"Wewe nani vile?"

"Fundi Kalinga, Mwinjilisti. Wa misumeno."

"Ahaa! Kamwene, fundi! Kaa, kaa."

Alifurahi kweli. Baada ya dakika kumi: wewe nani vile? Na furaha ile ile, mpya kabisa, haijapungua hata kidogo. Nimefurahiwa mara tisa mchana mmoja. Nyumbani kwangu tisa ni ya mwaka mzima.

Nikamwuliza habari ya mianzini. Akasema juu ya paa kuna kuku. Nikatazama. Kweli alikuwepo.

Nimempeleka chooni, nimemnawisha mikono. Sikwenda pale kwa ajili hiyo.

Semina jioni. Mwalimu: "Achilia jana! Mwambie jirani, achilia!" Kijana huyu hajawahi kusomwa mbele ya watu. Anayeachilia jana kirahisi hivyo hakuwa nayo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mgaya alitazama matone yakidondoka kwenye ndoo saa nzima kama anatazama mpira.

Mama Mgaya, mkewe, alirudi mapema kutoka shambani, tope mpaka magotini.

"Fundi, anakusumbua?"

"Hapana, mama."

"Anakusumbua. Mimi ndio naishi naye."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Kesho wazee wa kanisa wanakuja kuwaombea na kusaini barua ya uhamisho. Anataka iandikwe kwamba mumewe alitumika miaka arobaini bila doa. Mbalizi hakuna anayewajua. "Wakiisoma watampa kiti cha mbele," akasema. "Bila hiyo watasema tumeletewa kichaa."

Nilikuwa na hesabu zangu. Zamu yangu imebakiza kesho tu, na maneno hayamfikii Mgaya. Labda ulimi unakumbuka kuliko kichwa. Nitampelekea mtogwa.

Ijumaa, 14 Machi

Mimi ni mpumbavu. Naandika kwanza hilo ili nisilisahau nikiendelea.

Alfajiri nilikwenda mianzini kwa shemeji. Nikajaziwa chupa kubwa. Safi, mtamu, hivyo ndivyo alivyosema. Mimi sikuonja, nina kiapo changu. Nikaenda nayo kiwandani. Misumeno minne ilikuwa inanisubiri. Chupa nikaiweka juu ya banda la mashine, juani. Saa nane nikaichukua nikaenda kwa Mgaya.

Saa nane! Mimi, niliyehubiri miaka kumi na tisa tofauti ya asubuhi na mchana.

Nikammiminia kikombe cha bati. Akanywa.

"Nini hii?"

"Mtogwa, Mwinjilisti. Unakumbuka?"

"Tamu."

Cha pili. "Nini hii?" Tamu tena. Cha tatu akakishika mapajani, akanitazama muda mrefu. Macho yakakaa sawa. Sijui niseme vipi. Mtu alirudi ndani ya ile nyumba.

"Wewe ni yule fundi wa mianzini."

"Ndiye mimi."

"Nilitoka Sadani kwa miguu siku ile. Kiu imenikaba." Akameza mate, kama kiu ile bado ipo. "Nikasimama mbele yako. Hukunikaribisha."

Niliirudia siku ile yote pale barazani. Alisimama, ndiyo. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Nami niliona mwinjilisti, nikaficha kikombe nyuma ya mgongo. Mtu amesimama kwenye mianzi yako, humpi hata tone. Kwetu hata adui anakaribishwa. Miaka kumi na tisa ninaisimulia hadithi hii, na hapo huwa naparuka.

Nikafungua mdomo.

"Wewe nani vile?" akasema.

Nikamwambia. Akafurahi.

Baada ya hapo pombe ikafanya kazi yake. Alianza wimbo wa Pasaka, katikati ya Kwaresima, kwa sauti kubwa. Akasimama. Akacheza, kikombe mkononi, blanketi likaanguka, akacheza juu yake. Ndipo niliponusa chupa.

Na ndipo lango lilipogongwa. Wazee watatu, Kihwele mbele, barua ndani ya bahasha. Mama Mgaya nyuma yao na beseni la maharage kichwani.

Kihwele alinusa. Karama yote ya unabii iko puani.

"Nani amekunywa hapa?"

Mama Mgaya alinitazama mimi. Hakutazama kingine. Beseni bado kichwani.

Nikiri. Nilipenda sekunde ile. Mgaya amelewa ulanzi mbele ya wazee wa kanisa, mchana kweupe, na mimi sijasema uongo wowote. Ilitosha ninyamaze tu. Nimejizoeza kunyamaza maisha yangu yote.

Mgaya akaninyooshea kikombe. "Karibu, fundi," akasema. "Ni tamu."

Nikakipokea. Nikanywa chote mpaka chini. Mkali kama siki.

"Mimi ndiye," nikasema. "Chupa yangu, pombe yangu."

"Na Mwinjilisti?"

"Anaimba. Wewe uliwahi kumwona haimbi?"

"Ni ugonjwa," Mama Mgaya akadakia. "Siku hizi ndivyo alivyo."

Wakaomba haraka haraka, wakasaini. Jina langu Kihwele aliliandika nyuma ya fomu ya karama.

Jumapili, 16 Machi

Nimesomwa. Ulevi wa ulanzi, safari hii ni kweli tupu.

Semina imefungwa kwa ushuhuda. Mmoja kaona maono, mwingine kanena kwa lugha akiwa anakamua ng'ombe. Wote sasa wanaishi leo. Mwalimu hakuuliza habari za masaidiano. Ameondoka na kuku wawili.

Mke wangu amepambanua. Kwenye sahani yangu kulikuwa na nyama mbili.

Jumatatu, 17 Machi

Mbalizi. Nimewasindikiza. Mama Mgaya alisema asingeweza mizigo na mtu kwa pamoja. Barua ilikuwa ndani ya kitenge, amejifunga nayo kifuani. Msumeno wa mtu umebaki bila meno huko Mafinga, asubiri.

Binti yao anakaa karibu na soko. Mama Mgaya alikwenda kwa mchungaji na barua yake, kanyooka mgongo. Sisi tukawekewa viti nje.

"Hapa wapi?" akauliza Mgaya.

"Mbalizi."

"Pazuri."

Akauliza tena. Mbalizi. Pazuri. Akauliza mara ya tatu, nikajibu bila kuinua kichwa.

Mara ya nne nikatazama mwenyewe. Magunia ya viazi. Tope. Pikipiki. Mwanamke anaosha karoti na kumtukana mtu kwa Kinyakyusa. Mlima umevaa wingu.

Si pabaya.