Kofia Zilizobaki kwenye Kihispania

Kwako Shangazi Chayo,

Nisamehe kwa kuingia kwenye ukurasa wako bila kupiga hodi, lakini nimebanwa na jambo linaloninyima hata hamu ya kula, na katika mji huu kila ninayemwendea ananijibu vilevile, kwa hiyo nakuomba unisaidie, na tafadhali jina langu usilitaje.

Mimi ni mkalimani wa mahakama ya kaunti yetu hapa mpakani, natoa Kihispania natia Kiingereza, natoa Kiingereza natia Kihispania, na kazi hii nimeifanya tangu binti yangu akitambaa, naye sasa anaendesha gari. Unaujua mwenyewe mji wetu ulivyo, Shangazi, jaji ni mtoto wa hapa, mwendesha mashtaka ni wa hapa, askari wa mlangoni ni wa hapa, na wale raia kumi na wawili wa baraza wanaoamua kama mtu ana hatia ni wauza nyama na walimu wa hapahapa, wote walijifunza kulia kwa Kihispania, lakini sheria inasema kumbukumbu za mahakama ni za Kiingereza na Kihispania cha shahidi hakijasemwa mpaka mimi nikiseme, kwa hiyo shahidi akiongea wote hukaa wamekodoa macho kama watu wasioelewa kitu, wananingoja, na nikishamaliza ndipo wanatikisa vichwa. Kila kesi ikianza jaji huwaonya wale wa baraza kwamba hata kama wanakijua Kihispania wasikisikie, wasikie ya mkalimani tu. Bibi mmoja aliwahi kuniuliza akiwa kizimbani, "We mama, mbona unamtafsiria Chemo? Huyu nimemwogesha mimi," nami nikalazimika kuyatafsiri na hayo pia, na jaji wetu, Mheshimiwa Chemo, akanishukuru.

Sasa kesi yenyewe ni ya Ubaldo Longoria, yule anayeziba pancha kwenye barabara ya mtoni, aliyeshtakiwa kuiba mitamba miwili ya jirani. Kiingereza hana, na familia yake ilimletea wakili kutoka Dallas, bwana Whitcomb, kwa kuwa waliamini wakili asiyejua neno la Kihispania atapewa heshima zaidi, kwa hiyo mtu pekee katika chumba kile ambaye kweli hakuelewa mashahidi wanasema nini ndiye aliyekuwa anamtetea Ubaldo.

Shahidi mkuu alikuwa Bibi Eufrasia anayeishi mkabala na zizi. Aliulizwa alimwona nani akifungua lango alfajiri ile, akaanza na goti lake, akaja kwa kuku wake, ndipo akasema, "Alikuwa Ubaldo, nilimjua kwa kofia yake nyekundu," nikamwinulia mkono anipe nafasi, nikatafsiri mpaka hapo, nikamwachia aendelee, naye akaendelea, "Uso sikuuona, na kofia zenyewe duka la vyakula vya mifugo lilimgawia kila mtu Krismasi, hata mkwe wangu anayo, ila huyo hawezi kuwa mwizi, maana kuiba kunataka mtu aamke." Shangazi, chumba kizima kiliangua kicheko kabla sijafungua mdomo, baraza, askari, mwendesha mashtaka, jaji mwenyewe alicheka mpaka miwani ikateleza puani, kisha akakumbuka kwamba hajui Kihispania, uso ukamwiva, akagonga nyundo akasema swali linalofuata, na swali linalofuata likaja mbio, bibi akalijibu, nami nikatafsiri lile jibu jipya. Zile kofia nyingine zote sikuzitafsiri. Nilitakiwa kuinua mkono na kusema mkalimani anaomba kumalizia, lakini sikuinua, kwa kuwa mkono wenyewe nilikuwa nimejizibia mdomo nisicheke.

Ubaldo alizisikia kofia kwa lugha yake, akadhani zimefika kila mahali. Wakati wa mapumziko akamwambia wakili wake kupitia kwangu, "Baada ya aliyosema yule mama, mimi nina amani." Nilitafsiri neno kwa neno, na bwana Whitcomb, ambaye alichosikia ni kwamba mteja wake ametajwa kwa jina na kwa kofia, akamshika bega kwa huruma, akaniambia hajawahi kuona mtu anayeipokea hatia yake kiungwana namna ile. Hapo ndipo nilipogutuka, na hapo nikanyamaza. Baraza likamtia hatiani. Adhabu itatangazwa Ijumaa na inaweza kufika miaka kumi, na mke wake Ofelia sasa ndiye anayeziba pancha.

Usidhani nimekaa tu. Nilimfuata mwendesha mashtaka, Noelia Zamarripa, niliyesoma naye tangu madarasa ya chini, nikamkuta kwenye foleni ya mikate ya tortilla, nikamuuliza kama alisikia habari za zile kofia.

"Dada, wewe uliniletea kofia moja," akasema, "nami nikaichukua hiyohiyo moja. Hizo nyingine ningezijuaje?"

"Noelia, ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu watu walicheka. Unataka hizi za mahindi au za ngano?"

Nikaenda kwa muuza nyama, bwana Gumersindo, aliyekuwa kwenye baraza, akanikatia mbavu huku akisema, "Mama, jaji alituambia tusikie yako tu, na mimi ni mtu wa kufuata sheria. Zile kofia nilizisikia vizuri, nikazitoa kichwani kama nilivyoagizwa. Ilikuwa kazi, lakini nilifaulu." Alisema kwa fahari kabisa.

Jumapili tukawa tunakula nyama ya kichwa kwa jaji mwenyewe, ambaye huniita comadre kwa kuwa ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu, nikamvuta pembeni karibu na moto nikamweleza. "Comadre," akasema, "pale juu mimi Kihispania sikijui. Hapa chini nakijua. Usinichanganyie mambo. Kwani kuna mtu amelalamika?" Nikasema hakuna. "Basi," akasema, na akaniambia ameshapeleka jina langu niwe mkuu wa wakalimani wa kaunti tatu, kisha akaniwekea ulimi kwenye sahani, kipande kile laini anachojua nakipenda.

Ila kilichonimaliza ni Ubaldo. Siku ileile aliyotiwa hatiani, walipokuwa wanamrudisha mahabusu, alisimama mbele yangu, akaniuliza taratibu, wala si kwa hasira, "Mama, wamezisikia zile kofia zote, na bado wameniona mwizi? Hawa watu nimewazibia magurudumu miaka yote hii. Kumbe wananichukia kiasi hiki?" Nilimwambia Mungu ni mkubwa, Shangazi, nikaenda kulia chooni. Nikisema ukweli nitamwaibisha compadre wangu, nitakosa cheo, na watu watasema mkalimani wetu anakula maneno, na nisiposema najua mwenyewe nilivyo. Nifanye nini?

Mimi,
Nisiyetaka Kujulikana

*

Binti yangu,

Jina nimelificha kama ulivyoomba. Kaunti hii ina mkalimani mmoja, kwa hiyo umejificha nyuma ya ufagio, lakini nimelificha.

Pole, na pole yangu ni ya kweli. Kucheka hakukufanyi mtu mbaya. Mkwe wa Eufrasia namjua, na nilipofika kwenye maneno yale nilicheka mwenyewe mpaka mume wangu akaja kuniangalia. Kazi yako ni ngumu, unakuwa mdomo wa watu wote kwa siku nzima, na jaji akiharakisha, neno linaweza kumponyoka yeyote. Kama mambo yangeishia hapo ningekutumia salamu na tungeyamaliza.

Hayakuishia hapo. Wakati wa mapumziko kicheko kilikuwa kimeshakwisha, ukawa umesimama kati ya mtu aliyejua kila kitu na mtu asiyejua chochote, ukatafsiri sentensi ile ya amani, na unaniandikia "neno kwa neno" kana kwamba nikupongeze. Ulimwona Whitcomb akimshika bega. Ulijua anafariji kitu ambacho hakipo. Hapo hakuna nyundo iliyogongwa, binti yangu, hapo ulinyamaza wewe.

Halafu angalia ulikokwenda kutafuta ushauri. Kwa mwendesha mashtaka, kwa muuza nyama, kwa jaji. Wote watatu walikuwa wanajua tayari, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kutojua. Umezunguka mji mzima ukiwauliza watu waliosikia kama walisikia. Mtu mmoja tu ambaye hakusikia, na ambaye angeruka kwenye kiti kama ungemwambia, hukumgusa. Nadhani unajua kwa nini, na ule ulimi laini kwenye sahani unajua pia.

Unaogopa kumwaibisha compadre wako. Mwanamume aliyeweza kucheka mbele ya mahakama nzima na kusahau kwamba amecheka atalimeza na hili. Cheo cha kaunti tatu kikipotea kimepotea. Ungekaa nacho vipi, ukiwafundisha vijana kwamba mkalimani haongezi neno wala hapunguzi, na Ofelia anapita nje na jeki begani?

Sasa sikiliza, na usianze kunijibu. Alhamisi, mlango wa mahakama ukifunguliwa tu, uwe umeshika barua yako mkononi, kwa Kiingereza, kwa jaji, na nakala zake kwa mawakili wote wawili saa hiyohiyo, ili asipatikane mmoja wa kuikalia. Andika alichosema Eufrasia chote, uso ambao hakuuona, kofia za Krismasi, mkwe wake na usingizi wake. Usikipambe, wala usieleze jinsi ulivyoumia. Hayo mpelekee padre Jumamosi. Andika pia kwamba ulijua siku ileile ukanyamaza, maana ukiliacha hilo utakuwa umepunguza neno mara ya pili. Ukishatoka hapo mpigie simu Whitcomb, umwambie aisome akiwa amekaa. Kwa Ofelia usiende na mkate mtamu wala na machozi. Nenda barua ikishapokewa, umwambie kwa kifupi, na kama atakufukuza, ondoka.

Watashtuka wote, jiandae kwa hilo. Jaji atavua miwani, Noelia atashika kifua, Gumersindo atawaambia wateja kwamba laiti angejua. Watashtuka vizuri sana, wana mazoezi. Waache.

Kuna jambo la mwisho. Mhariri aliniuliza kama siogopi kuchapisha barua yako, maana gazeti linatoka Jumatano na adhabu ni Ijumaa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, gazeti letu ni la Kihispania. Jaji atausoma ukurasa huu na mayai yake ya asubuhi, mwendesha mashtaka atausoma kwenye foleni ya tortilla, muuza nyama atausoma mara mbili kabla ya kufungia nyama, na ikifika Ijumaa hakuna hata mmoja wao atakayekuwa ameusoma. Whitcomb hataweza. Ubaldo yuko ndani, anaamini majirani zake waliusikia ukweli wakamtupa, na hajakosea. Kwa Kiingereza bado hakijasemwa kitu. Kaseme.

Shangazi Chayo