Ukurasa wa Tarehe Tisa Machi

Hyattsville, 10 Machi 2025
Mvua nyembamba tangu alfajiri, baridi.

Baba, shikamoo. Natumaini barua pepe hii inawakuta hamjambo na goti la mama limepata nafuu. Mimi mzima.

Bado namhudumia bibi Audrey kule Alexandria. Sebuleni wametundika habari za ukoo wao ndani ya fremu: babu wa mababu zao, Ambrose, aliiba vipande viwili vya kitani London, akahukumiwa kusafirishwa ng'ambo kutumikishwa miaka saba. Alishushwa huku kwa meli, akauzwa kwa mwenye shamba la tumbaku. Wayne, mtoto wa bibi, anajivunia sana mwizi huyo. Kila mgeni lazima aonyeshwe.

Jana bibi alivua pete yake akanivika. Nilikataa mara mbili, kwa sababu kazini zawadi haziruhusiwi. Kisha nikakumbuka ulivyotufundisha kuhusu mkono wa mzee. Nilifanya vema?

Mwanao, Anitha


Same, 14 Machi

Marahaba, mwanangu. Huku tu wazima, goti la mama yako linasumbua kwa msimu tu.

Ulifanya vema. Mzee akikupa, pokea kwa mikono miwili. Kumrudishia ni kumtakia azikwe na mali yake. Ila usimwambie mtu. Baraka haitangazwi.

Baba yako, Silvanus


Hyattsville, 2 Juni
Joto tangu asubuhi, hakuna upepo.

Shikamoo baba. Mniwie radhi kwa kimya changu. Mama anaendeleaje?

Wayne aliiona pete. Akamuuliza mama yake, "Ulimpa Anitha hii?" Bibi akanitazama, akasema, "Anitha ndiye nani?"

Sina kazi tena. Nina kesi ya wizi. Wakili wangu, Ndirangu, Mkenya, anasema nikikutwa na hatia, hata nisipofungwa naweza kurudishwa nyumbani kwa lazima.

Isack, tunayepanga naye nyumba, ananitania: "Dada, Ambrose aliletwa kwa wizi, wewe utarudishwa kwa wizi. Mwambie Wayne akutundike ukutani." Nilicheka, halafu chakula kikanishinda.

Ile karatasi ya kwenye fremu niliwahi kuisoma hadi chini. Ambrose alibakiza miezi minne kumaliza miaka yake, kijiko cha fedha kikapotea kwa bwana wake. Hawakuuliza mwingine yeyote. Aliongezewa miaka, na baada ya hapo karatasi haimtaji.

Wakili anataka shajara yangu, maana niliandika siku niliyopewa pete. Lakini baba, kuna jambo nilikuficha. Tarehe tisa Machi niliandika hivi: "Bibi ameniita Rosemary asubuhi nzima, jina la marehemu dada yake. Amenivika pete akisema, Rosemary, chukua, ni yako." Nilijua hanijui, nikapokea.

Mwanao, Anitha


Same, 5 Juni

Mwanangu, salamu baadaye. Nunua daftari jingine. Nakili siku zote kwa mwandiko wako, ukifika hapo andika tu kwamba bibi amekupa pete. Jina la marehemu liache. Nani atajua?

Kosa ni langu, usilibebe wewe. Mama yako nimemwambia una mafua.

Baba yako


Hyattsville, 20 Juni
Mawingu mazito, mvua haijanyesha.

Shikamoo baba. Nilinunua daftari. Nilinakili Januari yote na Februari yote, kwa kalamu mbili ili wino usifanane. Nilipogundua kuwa nimefikiria hata wino, nikaogopa, nikaacha. Sikuwahi kuiba kitu, baba, lakini mkono ulikuwa unajua kazi.

Juzi nilimpelekea wakili shajara yenyewe, nzima. Alisoma ukurasa ule mara mbili, akafunga mlango.

"Hii inakusaidia na inakumaliza," akasema. "Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna. Ila baba nimemweleza."

"Basi mwambie asiandike chochote tena. Na Jumatatu ukuje mahakamani na begi ndogo. Saa na herini uache nyumbani."

Sikumuuliza begi ni la nini.

Mwambie mama kabla ya Jumatatu, asije akasikia kanisani. Na tafadhali usinijibu.

Haya nimeyaandika baada ya kuamka. Sikulala usiku kucha, usingizi ulinipata saa moja na robo asubuhi.

Mwanao, Anitha