Kengele ya Jumanne Saa Tisa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na mdogo wangu ameacha kulala na viatu. Huku hatujambo, ila mafua yaliyomtoka Shangazi yamehamia kwangu bila hodi.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema wifi yako amekueleza habari ya kengele ya maktaba, kwamba nilikosea saa, na kwamba niombe radhi yaishe. Naomba kwanza unisikie mimi.

Unajua hapa maktaba, ninapomsaidia Shangazi likizo hii, yeye ndiye anayepokea wauzaji wote: wa vitabu, wa rafu, wa wino wa printa. Hawapangi siku. Mtu anaingia tu, anavuta kiti, anamwaga sampuli mezani, na akishatoka anapiga simu kuuliza kama tumeshaamua. Kinara wao tumempa jina Dakika Mbili, maana hilo ndilo neno lake la kuingilia: dada yangu, dakika mbili tu. Mama, dakika zake zinazaana! Akiona Shangazi anatazama saa, anahamia Kiingereza ili aonekane wa maana zaidi. Mimi mliyenisomesha lugha zote mbili nilikuwa nakaa pembeni, nanyamaza kwa zote mbili.

Sasa, Jumanne saa tisa ni saa ya watoto. Shangazi huwasomea hadithi kwenye mkeka. Lakini kila Jumanne Dakika Mbili alikuwa bado kitini, nao wanasubiri mlangoni mpaka wazazi wanakuja kuwachukua, hadithi haijaanza. Mkuu wa maktaba akasema kipindi kisichoanza kwa wakati ni bora kifutwe. Shangazi alinisimulia huku anacheka, ila nilimwona anavyoukunja ule mkeka, kama mtu anayehama nyumba. Nikamshauri awapangie wauzaji siku moja. Akasema watamwona ana maringo.

Jumanne iliyofuata Dakika Mbili akaja, akakaa. Saa tisa ikapiga. Mtoto mmoja, yule mwenye pengo, akanivuta sketi akaniuliza kama leo tena hakuna. Nikachukua kengele tunayopiga wakati wa kufunga, nikasimama nyuma ya kiti cha yule bwana, nikaipiga kwa nguvu zangu zote.

Ungecheka. Ukumbi mzima ukadhani tumefunga. Wasoma magazeti wakanyanyuka, wanafunzi wakabeba mikoba, na Dakika Mbili akasombwa nao hadi nje, sampuli kwapani, sentensi yake haijafika mwisho. Watoto wakaingia. Hadithi ikasomwa yote.

Kesho yake akalalamika kwa Mkuu. Shangazi, kwa kunikinga, akasema nilisoma saa vibaya. Habari uliyoletewa inaishia hapo.

Shangazi hajakwambia yaliyofuata. Mkuu aliniita, akanipa kiti, akasema kwa upole kwamba kosa la saa ni dogo, nimwombe radhi mgeni tu. Ilikuwa rahisi kuitikia kwa kichwa, kama ilivyo kawaida yangu. Mama, nilisema hapana. Nilisema saa naijua, nilipiga makusudi, na akija tena saa ya watoto nitapiga tena. Sauti ilitoka yote. Mkuu akaniambia basi nichague: niombe radhi au nirudi kwetu.

Kwa hiyo Jumamosi narudi, likizo haijaisha. Usinipokee kama mtu aliyefukuzwa, wala usimpigie Mkuu kunibembelezea. Radhi siombi. Shangazi amebandika tangazo mlangoni: wauzaji ni Alhamisi asubuhi, kwa miadi, na waandike kwanza. Dakika Mbili ameshaandika, ameomba saa nzima. Amepewa robo. Na kengele imetoka kabatini, sasa inakaa mezani kwa Shangazi, mkono unapofika.

Nisalimie Baba, na huyo wa viatu mwambie nakuja kumvua mwenyewe.

Mwanao,
Kimya wenu (anzeni kunitafutia jina jingine)